Bastola ya bei nafuu Marekani: cha kukagua kabla ya kulipa

Bei iliyobandikwa kwenye bastola si gharama yake. Anayeingia duka la silaha Ohio au Texas na dola 500 mkononi, akanunua bastola ya dola 480, ametoka na chuma asichoweza kukijaribu wala kukifungia. Mgawanyo wenye akili wa pesa hizo ni kama huu: bastola dola 320, magazini (vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) mbili za ziada dola 60, risasi 300 za mazoezi dola 90, na kisanduku cha chuma chenye kufuli dola 30. Kodi ya mauzo iko juu ya hapo. Kwa hiyo swali ni hili: kwa dola 300 hivi, unapata nini kinachofyatua kila unapokivuta, na kisichofyatua wakati hujakigusa?

Makala hii ni kwa Waswahili waishio Marekani, kwa sababu ndiko kwenye soko la aina hii. Tanzania na Kenya zina sheria na leseni zake, tofauti kabisa. Na bastola iliyonunuliwa Marekani haiingii kwenye begi la safari ya nyumbani: kuitoa nchini bila kibali ni kosa la jinai.

Tumalizane na sheria kwanza. Duka lenye leseni ya serikali kuu haliuzi bastola kwa aliye chini ya miaka 21. Utajaza Fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, NICS, unaofanya kazi tangu Novemba 1998. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna misamaha michache. Kinachowakwamisha wengi ni kitu kidogo: anwani kwenye kitambulisho. Umehama, leseni ya udereva bado inasoma mtaa wa zamani, na muuzaji hana budi kukurudisha. Asiye raia aende pia na namba yake ya uhamiaji, maana fomu inaidai. Majimbo kama Illinois, New Jersey na Massachusetts yanataka kibali kabla hata ya kufika dukani. Na usimnunulie mtu mwingine asiyeweza kununua mwenyewe, hata awe shemeji: tangu 2022 kifungo chake kinafika miaka 15.

Sasa bastola yenyewe. Chagua risasi kwanza, silaha baadaye. Kwa mtu wa kipato cha kawaida jibu ni 9mm. Boksi la risasi 50 za mazoezi huwa kati ya dola 12 na 16, na hakuna duka lisilokuwa nalo. Ipo pia risasi ya .40 S&W, iliyoanza 1990 na kupendwa sana na polisi. FBI iliporudi kwenye 9mm katikati ya miaka ya 2010, idara nyingi zikafuata, na bastola zao za .40 zikamwagika sokoni. Ndiyo maana utaona Glock 22 iliyorudishwa na polisi ikiuzwa dola 300 na kitu, wakati Glock 19 mpya ya 9mm iko juu ya 500. Ni bastola nzuri, ila risasi zake ni ghali zaidi na teke lake mkononi ni kali. Unachookoa kwenye bei kinaanza kurudi dukani kupitia maboksi ya risasi.

Jihadhari pia na udogo. Bastola ya mfukoni kama Ruger LCP ya .380, isiyofika gramu 300, huonekana rafiki kwa mkono mdogo. Ukiifyatua utajua. Wepesi wake ndio unaoipeleka nguvu yote kwenye kiganja, mpini wake haubebi vidole vyote, na vilengeo ni vidogo mno. Bastola ya wastani, ya gramu 550 hadi 700 bila risasi, ni rahisi kujifunzia. Mkono unaoitosha bastola hujulikana hivi: uvungu wa kidole gumba umekaa juu kabisa nyuma ya mpini, na nyama ya mbele ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila mkono kuzunguka.

Katika mpya za bei ya chini, Ruger Security-9 na Taurus G3C zimekwisha kuzoeleka, na Smith & Wesson Shield huwa juu kidogo. Hi-Point C9 huchekwa na kila mtu, lakini tuiseme kwa haki. Slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua, ni ya aloi ya zinki, na mtutu haufungamani nayo wakati wa kufyatua. Uzito wa slaidi na nguvu ya springi ndivyo vinavyoizuia isifunguke mapema. Ndiyo maana ni nzito kama jiwe. Tena inachukua risasi 8 tu. Ikipewa magazini nzuri hufanya kazi, na kiwanda huitengeneza bure hata kwa mnunuzi wa pili.

Zinki hiyohiyo kwenye bastola ndogo za zamani ni habari nyingine. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vya eneo la Los Angeles, kama Raven, Jennings, Lorcin na Bryco, vilitengeneza bastola za bei ya kutupa kwa wingi, na bado zinazunguka kwenye maduka ya rehani kwa dola mia moja au pungufu. Mwaka 1994 huko California mtoto wa miaka 7 alipooza baada ya bastola ya Bryco kufyatuka mikononi mwa kijana aliyekuwa akijaribu kutoa risasi. Bastola ile haikuwezekana kufunguliwa chemba, yaani tundu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, huku sefti (kizuizi cha usalama) imefungwa. Ili kuitoa risasi ilibidi kwanza uiweke tayari kufyatua. Mwaka 2003 jopo la mahakama liliamua fidia ya takriban dola milioni 24, na kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Ukiona majina hayo kwenye kabati, pita.

Iliyotumika kutoka kiwanda kinachojulikana mara nyingi ni bora kuliko mpya ya jina geni, mradi uikague. Bastola za polisi ni mfano mzuri: rangi imekwisha pembeni kwa kuingia na kutoka kwenye ala kila siku, lakini ndani hazijafyatua sana. Usiogope mkwaruzo. Ogopa mkono wa fundi wa nyumbani. Kifyatulio kilichobadilishwa, vyuma vilivyosuguliwa "iwe laini", springi zilizokatwa: mwachie mwenyewe. Na namba ya usajili iliyofutwa au kupigwa msasa si jambo la kujadiliana bei. Kuwa nayo tu ni kosa la jinai.

Kabla ya yote, ichukuliwe kuwa ina risasi. Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya kifyatulio, toa magazini, kisha vuta slaidi nyuma na uifunge hapo. Mpangilio huo haubadilishwi. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na slaidi inaporudi inaingiza nyingine, halafu unatoa magazini ukiamini chemba ni tupu. Angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uiguse.

Omba ruhusa ya kuifungua. Toa mtutu, weka karatasi nyeupe nyuma yake na uchungulie kwenye mwanga. Mifereji ya ndani ionekane wazi. Vidoti vyeusi vilivyochimbika ni kutu; vichache vinavumilika. Unachotafuta hasa ni kivuli cha duara, kama pete, mahali pamoja ndani ya mtutu. Hutokea risasi moja inaponasa njiani kwa kukosa baruti ya kutosha, kisha mtu akafyatua nyingine nyuma yake. Pitisha kucha nje ya mtutu mahali hapo. Mara nyingi utahisi uvimbe. Mtutu wa hivyo haufai, na yaliyoupata huenda yamefika hadi kwenye fremu, yaani mwili wa bastola. Chunguza pia nyufa kwenye kona za dirisha la kutolea maganda na kwenye reli slaidi inapotembelea.

Jaribio la springi ni rahisi. Bastola ikiwa tupu na imeunganishwa, elekeza mtutu juu, vuta kifyatulio ukishikilie, rudisha slaidi nyuma kisha iachie polepole huku umeishika. Inapaswa kupanda na kufunga yenyewe. Ikibaki na mwanya, springi imechoka. Hilo si la kukataa ununuzi, maana springi mpya ni dola 10 hadi 25. Ni la kushusha bei.

Pini inayogonga fataki ya risasi (kiwashio kilicho kitakoni mwake) hupimwa kwa penseli. Dondosha penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, kisha vuta kifyatulio bastola ikielekea juu, mahali salama. Penseli iruke itoke. Ikicheza tu hapo ndani, pini ni chafu, imevunjika, au springi yake imelegea. Usifanye hivi kwa bastola ya .22: nyingi hugongesha pini ukingoni mwa chemba zikiwa tupu na kuuharibu.

Halafu sefti, kama ipo. Ifunge, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha fungua sefti. Chochote kikianguka wakati huo bila wewe kugusa kifyatulio, irudishe mezani. Mwisho tazama kikucha kinachovuta ganda: makali yake yawe kamili, yasiwe yamemeguka wala kuzibwa na masizi.

Rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, hukaguliwa kwa njia yake. Kokota nyundo polepole kwa kidole gumba ukizuia silinda kidogo kwa mkono wa pili. Silinda ijifunge kwa mlio kabla nyundo haijasimama. Ikichelewa, tundu halilingani na mtutu, na risasi itakatwa vipande vya madini vitakavyoruka pembeni kwenye uso wa jirani. Mwanya kati ya silinda na mtutu uwe kama milimita 0.15, ukizidi 0.25, ni nyingi. Kisha nyundo ikiwa imesimama, isukume mbele bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, kuna mtu alisugua ndani kutafuta ulaini. Smith & Wesson Model 10 ya zamani inayopita majaribio haya ni moja ya mali bora kwa pesa ndogo.

Bado hujalipa. Nakili namba ya usajili uitafute kwenye tovuti ya kiwanda, kwenye taarifa za usalama. Ruger iliziita kiwandani LCP za mwanzo zenye namba zinazoanza na 370. Smith & Wesson ilitoa tahadhari kwa Shield zilizotengenezwa kabla ya katikati ya Agosti 2013. SIG P320 za kabla ya Agosti 2017 ziliwekewa mpango wa hiari wa kurudi kiwandani kufanyiwa marekebisho kwa sababu zingeweza kufyatuka zikianguka, na hata baada ya hapo mtindo huo umeandamwa na kesi mahakamani. Taurus za familia ya PT-111 Millennium na 24/7 za zamani ziliishia kwenye suluhu ya kesi ya pamoja kwa tatizo la aina hiyohiyo. Kiwanda hurekebisha bila malipo, lakini muuzaji wa mtaani hatakwambia. Ukinunua kwa mtu binafsi, hata jimbo lisipolazimisha, pitisheni mauziano dukani: ada huwa dola 20 hadi 50, na unabaki na kumbukumbu.

Ukishaipata, isafishe, itie mafuta kidogo kwenye reli, nenda uwanja wa shabaha na risasi 200 za mazoezi pamoja na 50 za aina utakayoweka ndani. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi, kwa sababu kubwa: hitilafu nyingi za bastola ni za magazini. Risasi ikigoma kuingia chemba mara tatu na zote ni magazini namba 2, usiguse bastola. Tazama midomo ya magazini hiyo kama imepasuka au kutanuka, uinunue nyingine. Ganda likisimama wima limebanwa dirishani, mpe bastola mtu mwenye mkono imara afyatue. Kwake ikipita, kiganja chako ndicho kinacholegea. Kwake ikinasa pia, ni kikucha au springi. Fataki yenye alama hafifu na risasi haikulia, rudi kwenye pini. Na ikitoa mlio wa "puf" badala ya kishindo, simama hapohapo. Usivute tena. Mtutu ukielekea uwanjani, subiri sekunde 30, iondoe magazini, ufungue slaidi na uhakikishe mtutu unapitisha mwanga.

Risasi 50 za mwisho zipite zote bila kunasa. Isipopita, haifai kutegemewa bado, hata kama ilikuwa mpya kwenye boksi. Nyumbani iingie kwenye kile kisanduku cha dola 30, kilichofungwa kwa waya kwenye kitu kisichobebeka, funguo zisiwe mahali watoto wanapopajua. Na watoto wanapajua zaidi ya unavyodhani. Vifo vingi vya bunduki Marekani ni vya kujiua, kwa hiyo nyumba yenye mtu aliyezama kwenye huzuni iache bastola kwa muda, ihifadhiwe kwingine kwa utaratibu unaoruhusiwa na jimbo. Maduka mengine na hata baadhi ya vituo vya polisi hupokea silaha kwa uhifadhi wa muda. Piga simu kwanza, usitokee mlangoni nayo mkononi.