Earl Scruggs hakubuni upigaji wa vidole vitatu

Husemwa mara kwa mara kwamba mwanamuziki Mmarekani Earl Scruggs ndiye aliyebuni upigaji wa banjo, ala ya nyuzi, kwa vidole vitatu. Si kweli. Alizaliwa mwaka 1924 katika kaunti ya Cleveland, North Carolina, eneo ambalo wapiga banjo Smith Hammett na Snuffy Jenkins walikuwa wakipiga hivyo kabla yake. Jenkins alisikika hata redioni miaka ya 1930.

Mchango wa Scruggs uko kwenye mpangilio, nao ni mkubwa mno. Gumba, kidole cha shahada na cha kati hupokezana noti nane, mara nyingi kwa mafungu ya tatu, tatu, mbili, hivyo mkazo huhamahama. Noti za wimbo hupenyezwa humo na kupigwa kwa nguvu zaidi. Anayejifunza akizipiga zote kwa nguvu sawa, wimbo humezwa. Akirudia kidole kimoja mfululizo, kasi hukatika.

Desemba 1945, akiwa na miaka 21, alijiunga na bendi ya Bill Monroe, mwanamuziki maarufu wa bluegrass, aina ya muziki wa country wa Marekani. Matangazo ya Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa country kutoka Nashville, yakaufikisha mtindo huo mbali, kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kumsikia Jenkins.