Tairi, Jasho na Upepo wa Kaskazi

Kila kaskazi inapoingia Malindi, wanaoendesha baiskeli kwa kujifurahisha huniuliza swali lilelile: je, jua hupasua tairi? Mimi ni afisa wa afya ya umma, si fundi, lakini swali hili nimelishika kwa dhati, kwa sababu tairi na joto la mwili vimefungamana kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na tairi. Ukilijaza upepo wa PSI 60 (kipimo cha msukumo wa upepo) alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 25, kisha upepo ule ulio ndani ukapata moto hadi nyuzi 45, kipimo kitapanda hadi 65 hivi. Tairi zima linavumilia hayo bila taabu. Likipasuka, tafuta sababu nyingine: mpira uliozeeka na kufanya nyufa ubavuni, tyubu yenye kiraka juu ya kiraka, au utepe wa ndani ya rimu uliosogea hadi vichwa vya spoki vikaanza kuchoma tyubu. Baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa pwani zimekaa miaka mingi kabla ya kufika hapa. Meno ya tairi yanaweza kuonekana mapya huku mpira wenyewe umekwisha. Likunje kidogo kwa vidole; ukiona nyufa, usilinunue hata kwa bei ya bure.

Anayeumizwa kwanza na joto ni mwendeshaji. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nguvu inazotumia kuwa mwendo. Zilizobaki huwa joto, na joto hilo ni lazima litoke mwilini. Joto hilo hutoka hasa pale jasho linapokauka kwenye ngozi. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu, jasho hutiririka badala ya kukauka, na jasho linalodondoka chini halimpozi mtu. Sasa ongeza tairi lisilofaa. Tairi lenye upepo mdogo au meno makubwa likikula wati 10 zaidi kwenye lami, mwili wako utazalisha joto la wati 30 zaidi ili kuzifidia. Ndiyo maana mtu hufika Gede, kilomita 16 hivi tu, akiwa hoi, akalilaumu jua peke yake.

Kwa lami ya kwenda Gede na Watamu, napendelea tairi lenye upana wa milimita 32 hadi 40 na uso usio na meno makubwa. Yale membamba ya mashindano hukimbia upesi, lakini matatu ikikusukuma pembeni ambako lami imemeguka na mchanga umejaa, tairi jembamba litazama na wewe utaanguka. Anayekwenda Marafa au vijia vya mashambani achukue inchi 2 au zaidi, lenye meno. Na ufuoni, maji yakipwa na mchanga ukawa mgumu, tairi pana lenye upepo uliopunguzwa hupita vizuri, mradi usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukirudi nyumbani, ioshe baiskeli kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, chumvi isile mnyororo.

Kabla ya kulipa, soma namba za ubavuni. Ukiona 37-622, 37 ni upana na 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, vyote kwa milimita. Usitegemee inchi peke yake. Zile baiskeli nyeusi za mizigo hutumia tairi la 28 ambalo ni 635. Baiskeli nyingi za kisasa nazo huitwa 28, ila ni 622. Jina moja, na hazivaani. Watu wamepoteza pesa zao hapo. Miiba ya mathenge na mbigili haichagui namba, kwa hiyo beba tyubu ya akiba na pampu. Kusukuma baiskeli juani saa 6 mchana ni hatari kuliko pancha yenyewe.

Toka saa 12 asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa 3. Msimu wa kaskazi ningekwenda upande wa Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki, nikipambana na upepo kungali baridi, kisha unisukume kurudi. Wakati wa kusi, nielekee Gede. Lakini upepo wa mgongoni una hila: mwendo wako ukilingana nao, huhisi hewa usoni, na jasho halikauki. Jimwagie maji shingoni. Machi, wakati wa maleleji, upepo ukilala kabla ya masika, punguza safari kabisa. Mgeni aliyeshuka kutoka Nairobi ajipe siku 7 hadi 14 za mwendo mfupi ili mwili uzoee. Ramadhani ikiangukia kaskazi, panda baiskeli muda wa saa moja hivi kabla ya magharibi, polepole, karibu na nyumbani, ili futari ikukute umeshashuka.

Kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa, kidogokidogo. Maji matupu kupita kiasi nayo hudhuru, kwa kuwa hupunguza chumvi katika damu. Dafu nalipenda kama kila mtu wa hapa, ila lina potasiamu nyingi na chumvi haba. Kipande cha muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na ndimu huziba pengo hilo.

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au misuli kukakamaa, shuka, kaa kivulini, jimwagie maji, na siku hiyo usipande tena. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kupoteza fahamu, joto la ndani huenda limefika nyuzi 40, na hapo ni suala la dakika. Usimpe kinywaji, atapaliwa. Mvue nguo za juu, mloweshe maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa leso au kanga, na mtu mwingine atafute gari. Ndani ya gari msiache kumlowesha mpaka mfike hospitalini.