Kondo la nyuma: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

"Kondo la nyuma ni kiungo cha mama."

Hapana, ni la mtoto. Siku ya 5 hivi baada ya yai kurutubishwa, kinachoelea kwenye mji wa mimba ni kifuko kidogo sana cha seli. Kundi la ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Seli za nje, ziitwazo trofoblasti, ndizo zitakazojenga kondo. Kwa hiyo nusu ya jeni za kondo zimetoka kwa baba. Mama anachangia damu yake na utando wa mji wa mimba ambamo kondo hujipachika.

Mchango wa baba ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1984, maabara mbili, moja Uingereza na nyingine Marekani, zilitengeneza viinitete vya panya vyenye jeni za upande mmoja tu. Vyenye jeni za mama peke yake vilianza kukua, lakini kondo lilidumaa. Vyenye jeni za baba peke yake vilitoa tishu nyingi za kondo huku kiinitete kikidumaa. Hakuna aina iliyofika mwisho wa mimba.

Kwa binadamu jambo hilo linaonekana kwenye mimba zabibu kamili. Yai huwa limepoteza kromosomu za mama, na zote 46 zinatoka kwa baba. Matokeo yake ni vifuko vya maji vilivyoshikana vichala vichala, bila mtoto, na homoni ya ujauzito ya hCG inayopanda kupita kiasi. Baada ya kusafishwa, ni lazima mama aendelee kupimwa hCG mpaka iishe kabisa, kwa sababu seli zilizobaki zinaweza kugeuka saratani. Wanaoacha kurudi kliniki kwa vile damu imekata wanajiweka hatarini.

"Damu ya mama ndiyo inayozunguka mwilini mwa mtoto."

Damu hizi mbili zina njia tofauti. Ndani ya kondo, mishipa ya mtoto imo kwenye vijitawi vingi laini vinavyogawanyika kama matawi ya mti, na damu ya mama huvioga kwa nje. Mimba ikikomaa, kondo lina uzito wa takriban nusu kilo, lakini vijitawi hivyo vikitandazwa vinafunika zaidi ya mita 10 za mraba. Kila dakika mama hupeleka huko mililita 500 hadi 700 za damu. Oksijeni na chakula hupenya utando mwembamba mno. Damu yenyewe hubaki upande wake.

Kuna uvujaji mdogo, hasa wakati wa kujifungua au tumbo likigongwa. Ndiyo maana mama mwenye kundi la damu la Rh hasi hudungwa sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya Rh chanya, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya.

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya kijusi vinapatikana kwenye damu ya mama. Hapo ndipo kilipoanzia kipimo cha damu cha kuchunguza kromosomu kuanzia wiki ya 10. Lakini vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo, na mara nyingine kondo lina kasoro ambayo mtoto hana. Jibu baya la kipimo hiki halitoshi kufanya uamuzi wowote: lithibitishwe kwanza kwa kuchota maji ya uzazi.

"Kondo huchuja sumu zote."

Imani hii iliwaumiza watoto wengi. Mwaka 1941 daktari wa macho Norman Gregg, huko Australia, alihusisha mtoto wa jicho kwa watoto wachanga na rubela waliyougua mama zao wakiwa wajawazito. Miaka 20 baadaye thalidomidi, dawa waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, iliondolewa sokoni baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu mifupi.

Pombe, nikotini na monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hupita bila shida. Kati ya dawa za kuzuia damu kuganda, wafarini hupita, heparini haipiti kwa sababu molekuli zake ni kubwa, na ndiyo maana mjamzito anayehitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida hupewa heparini. Kingamwili za IgG husafirishwa kwa makusudi, nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Chanjo ya pepopunda anayochomwa mama humkinga mtoto kwa njia hiyo, na njiti huzaliwa na akiba ndogo.

"Kifafa cha mimba huletwa na hasira au chumvi."

Chanzo chake huanza mapema mno, kabla presha haijapanda. Mpaka kama wiki ya 10 hadi 12, trofoblasti huwa zimeziba midomo ya ateri za mji wa mimba, na kiinitete hulishwa kwa majimaji ya tezi za mji huo, kwenye oksijeni kidogo. Wakati huohuo seli hizo huingia ndani ya ateri, zikiondoa misuli yake na kuipanua midomo ili damu ifike taratibu. Kazi hiyo isipokamilika, ateri hubaki nyembamba, damu huruka kwa kasi, na kondo lililoumia humwaga protini zinazoharibu mishipa ya mama.

Kwa hiyo kinga huanza mapema pia. Utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017 uliwapa wanawake wenye hatari kubwa aspirini miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14. Waliougua na kulazimika kujifungua kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Aspirini hii huandikwa na mtoa huduma baada ya kupima hatari.

"Kondo mbili, basi mapacha hawafanani."

Si lazima. Kiinitete kikigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, mapacha wa yai moja hupata kila mmoja kondo lake.

"Kondo likishatoka ni taka."

Kwanza likaguliwe. Mkunga hulitandaza upande wa mama juu na kuhakikisha vifundo vyote, yaani vipande vinavyounda upande huo, vipo, kwani kipande kilichobaki huzuia mji wa mimba kusinyaa na mama huendelea kuvuja damu. Kisha hukagua utando na kuhesabu mishipa ya kitovu: ateri 2, vena 1. Mtoto akizaliwa mdogo kupita kiasi, akifia tumboni, au mama akiwa na homa, kondo lipelekwe maabara. Lihifadhiwe kwenye friji bila kugandishwa, maana barafu hupasua seli na mpimaji hataona kitu.