Gia si nguvu

Juzi imetokea tena. Tumekaa kwenye benchi la kahawa pale Ngamiani, hapa Tanga mjini, greda linakwenda na kurudi likisawazisha kifusi cha barabara, vumbi latuingia vikombeni. Mzee mmoja wa baraza letu, mtu ninayemsikiliza kwa mambo mengi (bao, bei ya nazi, habari za mkonge wa enzi zile), akanyoosha kidole: "Mwaliona lile linavyosukuma? Si injini ile. Giaboksi ndiyo yalipa nguvu." Kijana wa bodaboda akadakia: "Ndiyo maana likizidiwa wanaongeza gia."

Kashata ikanikwama kooni. Sikujibu, maana kumrekebisha mtu mzima mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na kahawa alikuwa kaninunulia yeye. Najibu hapa.

Maana yenyewe tuimalize upesi. Giaboksi ni kasha la magurudumu ya meno linalokaa kati ya injini na matairi, au minyororo kama ni buldoza. Kazi yake ni kubadilisha uwiano wa mizunguko: injini izunguke mara ngapi ndipo tairi lizunguke mara moja. Lengo ni kuiacha injini ikae kwenye mwendo unaoifaa yenyewe, huku mashine ikienda kwa mwendo unaoifaa kazi. Basi. Yaliyobaki ni yale yanayonikera.

La kwanza ni hilo neno "nguvu". Kiswahili chetu cha kila siku kinalibebesha mizigo mingi mno. Mtu akiinua gunia ana nguvu, umeme ukikatika nguvu zimepungua, dawa ina nguvu, injini ina nguvu. Shuleni tulifundishwa kutenganisha: kuna kani, yaani kule kusukuma au kuvuta, na kuna nguvu kwa maana ya kasi ya kufanya kazi, ile inayohesabiwa kwa wati au kwa farasi. (Farasi huyo ni wa James Watt, Mskoti aliyehitaji kipimo cha kuwaeleza wateja mashine yake ya mvuke ingechukua nafasi ya wanyama wangapi. Ni wati 746 hivi.) Tukitoka shuleni twayarudisha yote kwenye kapu moja, halafu twashangaa mazungumzo ya mashine hayaelewani.

Giaboksi haina farasi hata mmoja wa kwake. Haichomi mafuta, itawatoa wapi? Ilicho nacho ni kazi ya mchenjaji wa pale mpakani Horohoro. Unakwenda Mombasa, unatoa bunda la shilingi zetu, unarudishiwa noti chache za Kenya. Noti zimepungua, kila moja imekuwa nzito zaidi, na thamani ni ileile, ukitoa kidogo alichojikatia mwenye meza. Injini inaleta bunda nene la mizunguko mepesi, giaboksi inakurudishia mizunguko michache yenye msokoto mzito (msokoto ni ile kani ya kuzungusha). Hakuna aliyetajirika.

Tuhesabu kidogo. Chukua injini inayotoa msokoto wa nyutoni-mita 1,000 ikiwa kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika. Hiyo ni takribani kilowati 147, karibu farasi 197. Ipitishe kwenye gia inayopunguza mara kumi: shafti ya kutokea, yaani mhimili unaotoka upande wa pili, sasa inazunguka mara 140 tu kwa dakika, lakini msokoto umefika 10,000. Zidisha upya msokoto kwa mizunguko, utapata kilowati 147 zilezile. Kwa kweli utapata pungufu kidogo, maana meno yanasuguana na mafuta ya kulainisha yanakorogwa, na hicho ndicho alichojikatia mchenjaji. Weka mkono juu ya giaboksi ya trekta jioni, baada ya siku nzima ya kulima. Utauondoa mwenyewe.

Kwa nini basi tuhangaike na kuchenji? Kwa sababu injini ya dizeli ina mahali pake. Iache chini ya mizunguko 800 hivi, haina la kukupa zaidi ya kujizungusha yenyewe. Injini nyingi za mashine nzito hufikia msokoto wao mkubwa kati ya mizunguko 1,200 na 1,500, na karibu na hapo ndipo kila lita ya mafuta inapolipa vizuri. Ukizipeleka mbali zaidi, zaidi ya 2,000, zinapiga kelele na kunywa bila kuongeza kazi ya maana. Uwanja wao ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tazama tairi la nyuma la trekta, lile lenye mzingo wa mita 5. Likilima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, tairi linazunguka mara 17 kwa dakika, na injini iko kwenye 1,500. Kwa hiyo injini inazunguka karibu mara 90 ndipo tairi limalize mzunguko mmoja. Jioni trekta lilelile linarudi kambini kwa kilomita 30 kwa saa, injini iko palepale kwenye 1,500, na sasa ni mara 15 tu. Shambani na barabarani, injini haijui tofauti. Hapo ndipo penye ufundi wote.

Mashine za mvuke, kwa kawaida, hazikuwa na shida hii. Reli yetu ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na vichwa vya treni vya mvuke vilivuta mizigo kuelekea Usambara bila giaboksi, kwa sababu mvuke husukuma pistoni hata magurudumu yakiwa yamesimama kabisa. Dizeli iliyosimama haisukumi kitu, lazima iwe inazunguka kwanza. Ndiyo maana vichwa vingi vya treni vya dizeli huzungusha jenereta, umeme wake ukaenda kwenye mota za magurudumu. Ni mchenjaji yuleyule, amevaa koti jingine.

Sasa tuje kwenye la pili, lililonikwamisha kashata: "kuongeza gia", na ndugu yake "gia kubwa".

Nilianzia ufundi kwenye gereji ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Siku moja akaja dereva mgeni, katoka kwenye malori. Trela limejaa majani ya mkonge ya kupeleka korona (ile mashine ya kutoa nyuzi), njia ina mwinuko na tope. Nyapara akampigia kelele: "Tia gia kubwa!" Dereva akatii. Kwake yeye gia kubwa ni yenye namba kubwa, akatia ya nne. Trekta likatetemeka kama mgonjwa wa homa, yeye kakanyaga mafuta na kushikilia nusu klachi, ile inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, moshi mweusi juu, na chini ikaanza ile harufu ambayo fundi akiisikia huanza kukunja mikono ya shati. Nyapara alimaanisha namba moja.

Trekta halifunguliwi klachi kama gari dogo. Hukatwa kiunoni: nusu ya injini inawekwa juu ya magogo huku, nusu ya giaboksi inavutwa nyuma kule, na wewe unaingia katikati. Kwa kuwa limeshakatwa, fundi mkuu akafungua na kifuniko cha juu kukagua meno, akaniita: "Njoo uone wanachogombania." Gia ya kwanza, ile ya kwenye shafti ya kutokea, ilikuwa pana kama sahani ya pilau. Mwenzake wa chini anayeuma naye, mdogo kama kikombe cha kahawa. Za namba nne zilikuwa tofauti, karibu zinalingana.

Kwa hiyo nyapara alisema kweli ya chuma: gia ya namba moja ndiyo kubwa, ina meno mengi. Dereva naye alisema kweli ya hesabu: nne ni kubwa kuliko moja. Klachi ikaungua katikati ya kweli mbili. Tangu siku ile sisemi gia kubwa wala gia ndogo, nasema namba. Namba haina mjadala.

Neno lenyewe limetoka mbali na meno. Tumelichukua kwa Waingereza, nao walilipata kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, ambako lilikuwa na maana ya vifaa, hata mavazi: vitu vya kujiandalia. Kwa Kiingereza maana hiyo haijafa. Magurudumu ya kutulia ya ndege huitwa kwa neno hilohilo, ingawa hayahusiani na giaboksi, na mavazi ya mpanda mlima pia. Sisi tulipolipokea tulichukua upande wa mashine tu, halafu tukalilea wenyewe. Leo gia kwa Mswahili ni lile gurudumu la meno. Ni uwiano ("yupo gia ya pili"). Ni ule mkono unaoshikwa na dereva. Na ni ujanja wa kujiingizia mahali, kama mtu anayekuja kwako kwa gia ya kuomba maji kumbe ana lake. Hii ya mwisho naipenda, nadhani ni nzuri kuliko chochote Waingereza walichofanya na neno lao. Na "kubadili gia angani", iliyoshamiri kwenye siasa mwaka 2015, nayo sina ugomvi nayo. Inajua kuwa ni mzaha.

Ninachogombana nacho ni "kuongeza gia" kwa maana ya kuongeza juhudi. Mtangazaji wa mpira asema timu imefungwa, sasa lazima iongeze gia. Mwenyekiti wa kikao asema mambo ni magumu, tuongeze gia. Mambo yakiwa magumu, gia hupunguzwa! Muulize yeyote anayepandisha mzigo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kila kona ikikaza anarudi chini, tatu, pili, hata moja, mwendo unakuwa wa konokono na injini inaendelea kuimba sauti ileile. Anayeongeza gia kwenye mlima ule, gari linamzimikia, na utingo anaruka chini na kigogo cha kuzuia tairi. Gia huongezwa mambo yakiwa mepesi: tambarare, mzigo umeshachanganya mwendo, sasa unataka kufika bila kupoteza mafuta. Timu inayoongoza mabao matatu, hiyo ndiyo iongeze gia.

Na la tatu, kwa kifupi, maana limezidi siku hizi mjini kwa jinsi mashine za ujenzi zilivyo nyingi: si kila mashine ina gia za kupangwa. Buldoza nyingi zina gia tatu mbele na tatu nyuma tu, na kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna chombo cha mafuta alichobuni Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya kasha lililojaa mafuta: moja inazungushwa na injini, inayarusha mafuta kwa nguvu, nayo ya pili inazungushwa na mafuta hayo. Katikati kuna mapanga mengine yanayoyageuza mafuta yanaporudi ili yasaidie badala ya kupinga, na hapo msokoto unaweza kufika mara mbili au zaidi wakati mashine inaanza kusogea. Blade, lile bamba la kusukumia udongo, ikigonga kisiki, injini haizimi. Mafuta yanateleza, yanapata moto, mwendeshaji anapata nafasi ya kufikiri. Nacho hakiongezi nguvu. Kinachenji, na kamisheni yake ni kubwa zaidi.

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ndiyo kabisa. Injini yake inashikiliwa kwenye mizunguko karibu ileile kutwa, inazungusha pampu, na mafuta ya haidroliki yanakwenda kwenye mikono na kwenye mota za minyororo. Mwendeshaji ana kitufe cha mwendo chenye picha mbili, sungura na kobe. Wakati wa kupanda kilima anabonyeza kobe. Tangu utotoni tumehadithiwa nani alifika kwanza.

Kwa hiyo mzee wangu, greda lile linasukumwa na injini yake, giaboksi yaichenjia tu. Na wewe kijana, likizidiwa pale kwenye mawe, wanapunguza. Si lazima mniamini mimi. Kesho tukikaa, acheni kulitazama, lisikilizeni: blade itazama, greda litakwenda polepole mpaka mtu angelipita kwa miguu, na mlio wa injini utabaki palepale ulipokuwa. Kahawa nitalipa mimi.