Pumzi inayogeuka jiwe

Kila ninapokwenda skuli za msingi hapa Pemba na kikapu changu cha mafunzo ya mwili, naanza na swali la baharini: ukizamia pweza, nini kinakurudisha juu? Darasa zima hujibu, "Pumzi imekwisha, Maalim!"

Haijaisha. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na tunayoitoa bado ina kama 16. Kinachokusukuma urudi juu hasa ni hewa ukaa inayojaa kwenye damu. Ubongo unaihisi, unakuamrisha upumue. Lakini mtoto wa darasa la nne ataaminije kitu asichokiona? Ndipo natoa chokaa.

Chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni, na moto umeifukuza hewa ukaa iliyokuwamo ndani ya jiwe. Usiku nakoroga kijiko kimoja katika chupa ya maji, asubuhi chokaa imetuama chini, nayachuja yale maji maangavu kwa kitambaa. Mtoto anapuliza kwa mrija, taratibu. Haupiti muda, gilasi imejaa tui! Ule weupe ni jiwe lilelile: pumzi yake imeirudishia chokaa kile kilichochukuliwa na moto.

Kisha anaruka kamba dakika mbili, anapuliza gilasi nyengine huku wenzake wanahesabu. Tui linakuja upesi zaidi, maana misuli iliyofanya kazi imezalisha hewa ukaa zaidi.

Tahadhari: chokaa inaunguza mdomo na macho. Mrija nautoboa kwa sindano juu ya usawa wa maji, ili mtoto akisahau akafyonza, avute hewa badala ya maji. Wala usichukue chokaa kuukuu. Siku moja nilibeba ya mfuko uliokaa wazi miezi. Ilikwisha kunywa hewa ukaa ya hewani. Watoto wakapuliza mpaka mashavu yakawauma, maji yakabaki maji, na mimi jasho linanitoka.

Mkaidi mmoja wa darasa la tano aliambiwa basi, hakuacha kupuliza. Tui likafifia, maji yakaangaza tena.

"Maalim, jiwe limekwenda wapi?"

Hewa ukaa ikizidi majini, jiwe huyeyuka. Mvua nayo huila miamba yetu ya matumbawe kwa njia hiyohiyo. Sikumwambia hayo mwanzo. Nilimtoa nje, nikamwekea kidole kwenye jiwe la ukuta wa skuli, palipotobokatoboka.