Difu ya ngapi? Kujua uwiano wa gia za difu kwenye lori la zamani

Pale Uyole, Mbeya, barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Dar es Salaam, hutasikia fundi akitamka "uwiano wa gia za ekseli ya nyuma". Utasikia, "Hiyo difu ya ngapi?" Na jibu huja kwa namba mbili: sita thelathini na saba, au saba arobaini na moja.

Namba hizo ni meno. Ndani ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela shafti (mhimili unaotoka kwenye gia boksi), na krauni, gia kubwa inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, jibu ndilo uwiano. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 7 hutoa 5.857, yaani propela inazunguka karibu mara sita ili magurudumu yazunguke mara moja.

Jibu likiwa kubwa, gari lina nguvu ya kupanda lakini halina mbio. Likiwa dogo, gari linateleza vizuri kwenye tambarare ya Usangu, lakini linalia kwenye mlima wa Kitonga. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lori lililotosha pwani linapofika huku na viazi vya Isyonje mgongoni, difu ndiyo inayoficha upungufu huo au kuuanika. Kwenye mteremko kama wa Iwambi, difu yenye namba kubwa pia huisaidia injini kushika gari, kwa gia ileile.

Sasa utaijuaje ya kwako? Kibao cha kiwandani kwenye kabini kinaweza kuwa na msimbo wa ekseli, lakini kibao kinaeleza gari lilivyozaliwa. Lori la miaka 30 limeshabadilishiwa difu labda mara mbili, na aliyebadilisha hakuandika popote. Difu ikiwa imeshafunguliwa iko mezani, kazi ni nyepesi: isafishe kwa dizeli, weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu. Mara nyingi idadi ya meno imegongwa kabisa kwenye chuma cha krauni au kichwa cha pinioni.

Ikiwa bado iko chini ya gari, unahitaji chaki na jeki. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu. Zuia matairi ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma. Usidharau hilo, maana kwenye malori mengi madogo ya Kijapani breki ya mkono hushika propela nyuma ya gia boksi, na wewe utalazimika kuiachia ili propela izunguke. Gia ikiwa nyutro na breki imeachiwa, magogo ndiyo pekee yanayolishika gari. Nyanyua upande mmoja wa nyuma, uweke stendi; jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini. Kwa lori la breki za upepo, mtungi uwe na upepo wa kutosha, la sivyo magurudumu ya nyuma yatabaki yamefungwa.

Chora chaki kwenye tairi lililo juu na nyingine kwenye propela. Mmoja azungushe tairi, mwingine ahesabu propela.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanazungusha tairi mara moja, propela inazunguka karibu mara tatu, wanatangaza kwamba difu ni ya 2.9, ya mbio kweli kweli. Si kweli. Gurudumu moja likiwa limesimama chini, gia ndogo zilizo ndani ya difu hulifanya lile la pili lizunguke mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo mizunguko miwili ya tairi ndiyo mmoja wa krauni. Difu iliyofungwa kwa loki, inayolazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, ni habari nyingine: hapo nyanyua pande zote mbili, na mzunguko mmoja wa tairi utakuwa mmoja wa krauni.

Lakini hata ukihesabu sawasawa, 5.857 na 6.166 zinafanana machoni: moja imepungua kidogo sita, nyingine imezidi kidogo. Dawa ni kuendelea kuzungusha. Kila tairi linapotimiza mizunguko miwili, tazama chaki ya propela. Mara ya kwanza itakaporudi palepale ilipoanzia, acha. Ikiwa umehesabu 41 za propela na 14 za tairi, gawa hizo 14 kwa mbili, na hapo umepata 41 na 7, meno yenyewe, bila kufungua hata bolti moja. Ikiwa ni 37 na 12, una 37 na 6.

Hii inafanya kazi kwa sababu watengenezaji kwa kawaida huchagua namba mbili zisizo na kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja, ili kila jino la pinioni likutane na kila jino la krauni na usagikaji usambae. Nami napenda kwamba hila hiyo ya kulinda chuma ndiyo inayomfaa mtu mwenye kipande cha chaki.

Kuna njia ya mwendo pia, kwa lori lenye mita ya mizunguko ya injini: endesha kwenye gia isiyobadilisha mzunguko (propela ikizunguka sawa na injini), kisha piga hesabu kwa kutumia mzingo wa tairi. Inategemea spidi mita ya kweli, na hiyo ndiyo huharibika kwanza difu ikibadilishwa. Malori mengi huchukua spidi kwenye gia boksi, kabla ya difu. Ukitoa 7/37 ukaweka 6/37, mshale utaonyesha 70 wakati gari linakwenda 60.

Malori mazito mengine yana gia za ziada ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hapo chaki itakupa uwiano wa jumla, wakati meno ya krauni yatakupa sehemu tu. Na lori lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta lazima difu zote zilingane, vinginevyo zitashindana hadi moja ivunjike.

Ukienda dukani, nunua krauni na pinioni vilivyosagwa pamoja, vyenye namba moja ya jozi. Vya kuokoteza hulia. Difu nzima ikiwa ndiyo unayotafuta, muuzaji atauliza na meno ya hafu shafti, mhimili unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Chomoa moja uende nayo.