Namba ya uthibitisho ikibaki Kigoma na wewe uko Bujumbura

Wateja wangu wanaovuka Ziwa Tanganyika kutoka bandari ya Kibirizi hapa Kigoma kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie hurudi na lalamiko lilelile: "Fundi, Gmail imenikataa." Nywila wanaijua vizuri. Shida ni ujumbe wenye namba ya uthibitisho, umetumwa kwenye laini ya Tanzania iliyoachwa nyumbani Mwanga kwenye simu ya batani.

Wengi wetu mtandaoni tunajulikana kwa namba ya simu tu. Barua pepe inarudishwa kwa namba hiyo, Facebook vilevile, na WhatsApp ndiyo namba yenyewe. Sasa laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, baadaye anapewa mtu mwingine, na ujumbe wako unamfikia yeye. WhatsApp wana tahadhari: namba ikikaa kimya siku 45 kisha ikawashwa kwenye simu nyingine, wanafuta picha na maelezo ya mwenyewe wa zamani. Usitegemee kila huduma ifanye hivyo.

Anayesafiri namwekea programu ya namba za uthibitisho, mfano Google Authenticator. Siku ya kuiunganisha, simu yako na huduma husika hupeana siri moja. Kuanzia hapo kila upande unapiga hesabu kwa siri hiyo na saa, na kila sekunde 30 inatoka namba mpya ya tarakimu sita. Haitaki laini wala bando, hata katikati ya ziwa inafanya kazi.

Ila saa sasa! Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu akifika anairudisha saa kwa mkono, ukanda wa saa unabaki wa Tanzania, basi namba zote zinakataliwa na lawama zinamrudia fundi. Acha simu ijipangie saa yenyewe. Zile namba za akiba ambazo Google hukupa ziandike kwenye karatasi. Simu ikizama ziwani, ndizo zitakazokuingiza.

Na kabla hujavuka, fungua akaunti yako uone namba ya kurejeshea ni ya nani. Wengi walifunguliwa Gmail na kijana aliyewauzia simu, akaweka yake ili amalize haraka. Hata kama hana nia mbaya, akaunti iko mikononi mwake. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ukaifute.